Hukumu ya Mtazamaji wa Sholay

Mtazamaji wa picha za zamani ni hakimu asiyehitaji ushahidi. Akiulizwa kuhusu Sholay, picha ya Kihindi ya Ramesh Sippy iliyotoka mwaka 1975, hutangaza kwanza kwamba siku hizi hakuna filamu. Kisha huapa kuwa enzi zile, kwa macho yake, ndani ya jumba la sinema, alimwona mhusika Thakur, asiye na mikono, akimuua adui yake Gabbar kwa viatu vya misumari. Mwisho huo ulirekodiwa kweli, lakini wadhibiti wa filamu wa India waliukataa. Majumba ya sinema yakaonyesha polisi wakiingilia kati. Hilo halimtikisi. Mwanawe, kwa upande wake, huilaumu Sholay kwa kuzidi saa tatu, kisha hurudi kwenye tamthilia yake ya Kituruki, sehemu ya mia na kitu.