Ujirani Mwema wa Tangi la Kioo

Masika ikikolea, madimbwi ya bonde la Rufiji hujaa visamaki vyenye rangi kali, urefu wa kidole. Wataalamu wanaviita Nothobranchius. Sisi wa Kibiti tunavipita na bodaboda, suruali tumekunja. Ulaya, wapenzi wa akwaria hutumiana mayai yake kwa posta ndani ya mboji yenye unyevu, maana huvumilia kiangazi kizima topeni.

Yumo na mkubwa wao, Nothobranchius ocellatus, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1985. Mwili mrefu, mdomo mpana, na kitoweo chake ni nduguze.

Basi kuna waungwana humchukua mla wenzake wa namna hii, au samaki aitwaye Crenicichla kibete wa Amerika Kusini mwenye tabia zilezile, wakamtia kioo kimoja na vidagaa vya mapambo. Eti tangi la jamii! Baada ya siku chache wanahesabu, hesabu haitimii. Wanashuku chujio. Wanamshuku paka. Mwenye tumbo haulizwi, kwani ametulia na anapendeza.

Dimbwi letu halijidai. Maji ni tope, mdogo ana pa kujificha, na kiangazi kikifika mkubwa na mdogo wanakufa pamoja. Kiooni taa inawaka, maji yanametameta, na mlaji ana cheo cha ujirani.

Nanyi wa vikao: mkiona wajumbe wanapungua na mwenyekiti ananenepa, msihangaike kufungua chujio.