Wageni Wawili kwa Saa za Shimoni

Baba watoto anafuga bahari sebuleni. Tunakaa Silver Spring, Maryland, ghorofa ya tatu, na ukuta niliouwekea nia ya kabati la vyombo umechukuliwa na tangi la kioo la lita 280, lenye matumbawe, pampu, hita, na taa za buluu zinazotufanya sote tuonekane wagonjwa. Nikiuliza habari ya bili ya umeme, hunitajia Walter Adey, mwanasayansi aliyejenga mwamba hai wa matumbawe ndani ya makumbusho ya Smithsonian, hapo Washington, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sijui bili ya Adey alilipa nani. Yetu najua.

Januari tulipokea wageni wawili wiki moja. Wa kwanza alikuwa mamangu, kutoka Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya. Wa pili alikuwa samaki wa urefu wa kidole, kichwa cha rangi ya machungwa chenye michirizi ya kijani, mwili wa damu ya mzee. Wataalamu humwita Halichoeres iridis, wa magharibi ya Bahari ya Hindi, na aliyemuuza alisema huyu ametoka Kenya. Mamangu hakushangaa. Vijana wa kwao huzamia na vyavu, wakakamata samaki wa mapambo, wakawafunga katika mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, ndege ikawachukua. Kilichomshangaza ni bei.

"Kwa pesa hizo, mwanangu," alimwambia mkwewe, "mngekula changu mwezi mzima."

Samaki alitiwa tangini Ijumaa jioni, akapotelea nyuma ya jiwe. Jumamosi hakuonekana. Jumapili pia.

Baba watoto anajua kwamba jamii hii hulala ndani ya mchanga. Ndiyo maana alimwaga mchanga laini wa kina cha vidole vinne. Lakini taa zilikuwa zikiwaka mchana kutwa, na samaki wengine walikuwa wakila. Kesi ikafunguliwa. Mshtakiwa wa kwanza alikuwa paka, akaachiwa kwa sababu wavu juu ya tangi ulikuwa mzima. Wa pili alikuwa kaa mdogo aliyekuja amejificha kwenye jiwe, ambaye hakufika mahakamani. Wa tatu alikuwa kitinda mimba wetu, aliyekutwa na kijiko cha mchuzi karibu na tangi na hakuwa na maelezo ya kuridhisha. Samaki hawa ni warukaji hodari, hupita kwenye upenyo usiozidi kidole, kwa hiyo baba watoto akalala kifudifudi na tochi nyuma ya tangi, kati ya nyaya. Akatoka na soksi moja na ganda la korosho.

Ndipo akaamua kuhamisha mawe. Kwanza apunguze maji: mpira mdomo mmoja tangini, wa pili kwenye ndoo. Simu ikalia chumbani. Aliporudi, mpira ulikuwa umeteleza nje ya ndoo na zulia lilikuwa linakunywa bahari. Tulitandika taulo zote za nyumba, pamoja na ile nzuri ya wageni. Jirani wa chini alipanda kutuuliza, kwa adabu sana, kama tunajua kwamba kwake kunanyesha. Maji yale yana gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Zulia lilipokauka liliota ukoko mweupe uliotafunika chini ya ndara.

Asubuhi, kwenye chai, mamangu akasema, "Yule mwekundu wenu ni mzima. Usiku alikuwa akinitazama."

Baba watoto alinitupia jicho. Mama alikuwa halali usiku. Nyumba ikinyamaza, yeye huwasha taa ya sebuleni, hukaa kwenye kochi na chai ya tangawizi, akapiga simu Shimoni kuuliza nani kaolewa na nani kaugua. Kisha asubuhi, sisi tukichangamka, yeye husinzia na kipande cha mkate mkononi.

"Mama, labda ni ndoto," mkwewe akasema kwa heshima.

"Ndoto ni hilo zulia lako," mama akajibu. "Saa nne za usiku hapa, kwetu jua linachomoza. Mie naamka, naye anaamka. Kwenu asubuhi ikikaribia kwisha, kwetu magharibi imeingia. Na hawa ni jamaa za pono, wakilala wamelala."

Usiku ule tulikaa wote gizani, watoto wakiwa na blanketi, taa ya mama ikiwaka peke yake. Saa nne ikapita kidogo. Karibu na jiwe la kushoto mchanga ukafura, likatoka jicho, kisha kichwa cha machungwa. Kikasimama, kikageuka kulia na kushoto, halafu mwili mzima ukachomoka na kujikung'uta. Kitinda mimba alidai aombwe radhi, na akaombwa.

Tukawa tunamlisha usiku, na kila siku akichelewa kidogo kulala, mpaka akashika saa za Maryland na kula mchana pamoja na wenzake. Mama bado alikuwa macho hadi alfajiri. Baba watoto, aliyekuwa amepata tena ujasiri, akamtania kwamba samaki amemshinda kuzoea Marekani.

"Atakosaje kuzoea?" mama akasema, akitafuta miwani apige simu. "Yeye hana wa kumpigia Shimoni."