Mita Tatu za Mama Mkubwa

Mtu anayetaka kugombana na ukoo mzima bila kugusa mirathi, afungue karakana ya kufuma nguo. Si lazima iwe kubwa. Yetu hapa Tanga ni kitanda kimoja cha mfumi, kimewekwa uani chini ya bati, na fundi mmoja mzee ambaye mimi ni msaidizi wake. Inatosha kabisa. Ugomvi wote wa uani hapo unahusu kitu kimoja tu: urefu.

Wanaonunua vitambaa dukani hawajui raha waliyo nayo. Muuzaji analivuta jora, anapima, anakata, anakunja, mmemalizana. Kwenye kitanda mambo ni mengine. Nyuzi za mtande zimetandwa kati ya magogo mawili: la nyuma linaachia uzi, la mbele linaviringisha kitambaa kilichokwisha fumwa. Nyuzi hizo zisipokazwa barabara, mshindio, yaani uzi unaozikingama, haupiti vizuri na kazi inaharibika. Kwa hiyo muda wote kitambaa kimevutwa, na ukikipima hapo kinajitia urefu kisio nao. Ukikikata, kinajirudi. Ukikifua, kinajirudi tena, maana pamba ikishaonja maji hunywea. Kwa jumla, si ajabu kitambaa kupoteza sehemu moja katika kumi.

Hayo Mama Mkubwa hakuambiwa. Yeye aliagiza kitambaa cha meza cha mita 3, kwa sababu posa ya binti yake ilikuwa inakaribia na wageni walikuwa wanatoka Mombasa, watu wa kukagua pindo. Na kwa kuwa haamini mtu kwenye mambo ya vipimo, alihamishia kigoda chake uani. Kila fundi alipotaka kuviringisha, futikamba inanyooshwa kwanza, namba inaandikwa daftarini, Mama Mkubwa anatikisa kichwa kukubali. Jumla ilipofika mita 3 kamili alipiga kigelegele, akalipa, akaenda kukifua kwa maji ya moto ili king'ae.

Siku ya posa kitambaa kilikaa mezani kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha babu. Mita 2 na sentimita 70.

“Mwanangu,” aliniambia wageni walipoondoka, “sentimita zangu thelathini amezivaa nani?”

Ikabidi kikao kikae. Fundi akaeleza kwa heshima zote kwamba pamba imejirudi. Mama Mkubwa akauliza imejirudi kwa nani, na kama kwa fundi hakuna leso mpya. Mjomba, ambaye kila kikao yeye ndiye huleta mambo ya zamani, akasema taabu yote imeletwa na futikamba. Wazee, alisema, walipima kwa mkono na biashara ilikwenda.

Hilo la biashara ni kweli. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zilizofumwa pale pale zikisafirishwa hadi Misri. Karne ya 19, misafara iliyoingia bara kutoka pwani ilibeba majora ya merikani, ile pamba ya Marekani isiyopaushwa, ikalipia hongo na chakula njiani. Mkono ulianzia kwenye kiwiko ukaishia kwenye ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka, minane ni doti. Hesabu safi, ila haikutaja kiwiko cha nani.

Basi kitambaa kikapimwa kizamani. Mama Mkubwa, ambaye Mungu hakumjalia kimo, alipata mikono karibu saba. Mjomba, ambaye huingia mlangoni kwa kuinama, alipata mitano na shibiri moja. Mama Mkubwa akaona njia ya wazee ni nzuri mno, na akataka mkono wake ndio utumike. Furaha hiyo ilikatika pale alipokumbushwa kwamba meza ilitengenezwa na seremala, na seremala alitumia sentimita.

Baada ya hapo fundi aliapa kuachana na futikamba. Atahesabu nyuzi za mshindio, moja moja, kwa sababu uzi ukishapita umepita. Wazo zuri, kwa mtu anayeishi kisiwani peke yake. Uani kwetu ni njia ya kwenda kisimani. Fundi yumo kwenye hesabu kimoyomoyo, mia mbili na arobaini na sita, mia mbili na arobaini na saba, mara: “Shikamoo, Mzee!” Hakuna adabu ya pwani inayomruhusu mtu mzima kuitikia “mia mbili na arobaini na nane”. Ni marahaba, na baada ya marahaba kuna habari za asubuhi, habari za nyumbani, watoto hawajambo, yule aliyekuwa anaumwa mguu anaendeleaje. Mpita njia akishaondoka na ndoo yake, hesabu nayo imekwenda kisimani.

Hata ilipotimia, hesabu haikuokoa kitu. Fundi alifuma mapazia mawili ya dirisha moja, nyuzi sawa kwa sawa. La kwanza alilifuma mwezi wa Shaabani, ameshiba, anakibamiza kile kitana cha kusukumia mshindio mpaka bati linaitikia. La pili lilimwangukia Ramadhani, saa kumi jioni, mkono hauna nguvu na nyuzi hazikushikamana. Pazia la Ramadhani likazidi la Shaabani kwa shibiri nzima. Mwenye dirisha alisema anajua kwamba saumu hurefusha mchana, lakini mapazia ni habari mpya.

Tukajaribu utepe. Unaandika alama kila nusu mita, unaubana kwa pini ukingoni mwa kitambaa, nao unaviringishwa nacho. Ni njia inayotumiwa na wafumi wengi na haina kasoro yoyote, mradi nyumba haina watoto. Vipimo vilianza kutupotea tukamshuku panya, hadi tulipomwona mwanasesere wa mpwa wangu amekaa kibarazani, kiunoni amefungwa mkanda wa kupendeza ulioandikwa 1.5.

Kilichobaki, na ndicho kinachotuweka mjini hadi leo, ni hiki. Kabla ya kupima, legeza mtande, ukipe kitambaa nafasi ya kupumua, ndipo unyooshe futikamba. Kila nusu mita pitisha uzi wa rangi nyingine ukingoni. Mtoto hauoni wa maana, na hata kitambaa kikishazama kwenye gogo la mbele, alama ipo. Andika papo hapo, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Fuma kwa kuzidisha: ukitaka mita 3 mezani, kwenye kitanda usiishie chini ya mita 3 na sentimita 35. Na mkumbushe mwenye kazi kwamba nyuzi za mwisho wa mtande, nusu mita na zaidi, hazifumiki kwa sababu kitanda chenyewe kinazishikilia. Mama Mkubwa alipoyaona mabaki hayo yamening'inia msumarini, alifikiri ameziona sentimita zake. Alizipima. Zilizidi thelathini, akanyamaza.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda kuagiza nguo ya kufumwa kwa mkono, usianze na bei. Anza na swali hili: urefu tunaopatana ni wa kitandani, wa baada ya kukata, au wa baada ya kufua? Fundi akijibu ni wa tatu, lipa arubuni ukalale. Akisema yote ni sawa, rudi dukani ukanunue ya jora. Na ukimkuta midomo inamchezacheza huku macho yake yako kwenye uzi, mwache kwanza afunge hesabu. Shikamoo haiozi.