Nikitafuta Hewa, Mbuzi Wanaongezeka

Mpwa wangu hajanisamehe, na haki anayo. Jumamosi iliyopita nilikuwa msemaji wake kule ndani ya Ikutha, Kitui, tulikopeleka mbuzi wa ntheo, wa kumposea binti. Kazi ya msemaji ni kupunguza mbuzi. Mimi niliwaongeza, tena bila kutamka neno. Niliwaongeza kwa kichwa.

Tulitoka Kibwezi alfajiri, tukavuka mto Athi kwenye lami safi kabisa, kisha tukaiacha lami. Mwezi wa Agosti, barabara za huko ndani hazipitwi, zinavutwa puani. Gari la mbele lilibeba wazee wetu, kwa hiyo heshima ilitulazimu kufuata nyuma na kula vumbi lao lote. Tulipofika, mbuzi wa wenyeji alishalala juu ya makaa, na upepo, ambao sina shaka ulikuwa wa ukoo wa binti, ulisukuma moshi moja kwa moja hadi kwenye hema la wageni.

Nikasimama kusema. Nilianza vizuri: nikawasalimu wazee, nikasifu boma, nikaeleza kwamba tumetembea mbali kwa kuwa tumesikia humu mna ua. Nilipolifikia ua lenyewe, kifua kikafunga. Wenye pumu wenzangu wanaijua hali hiyo: hewa inaingia kwa taabu, kisha inakataa kutoka. Sentensi inakatika vipande vya maneno mawili mawili. Nikatoa inhela yangu ya bluu, nikaitikisa kwa madaha ili waone ni jambo la kawaida, nikaisikia ikicheza ndani, nikaiweka mdomoni na kubonyeza. Ikapuliza. Nikabonyeza tena, ikapuliza tena. Kifua hakikuwa na habari.

"Huyu msemaji wenu," mzee mmoja wa upande wa pili akauliza, "mbona anajipulizia marashi mdomoni mbele ya wazee?"

Minong'ono ikazagaa. Faini ikatajwa. Nilitaka kujibu, lakini jibu lilihitaji pumzi, nikainamisha kichwa niivute. Karani wao akaandika: mbuzi mmoja wa faini, amekubali. Nikainua mkono kukataa, mkono ukanishinda, kichwa kikashuka tena. Akaandika debe la asali. Aliyebanwa na pumu huinama mbele, akashika magoti, kichwa kikipanda na kushuka kwa kila pumzi. Na mtu ambaye kichwa chake kinapanda na kushuka mbele ya wazee wa Kikamba wenye kalamu ni mtu anayekubali. Mablanketi ya mashangazi nikayakubali. Tangi la maji nikalikubali mara mbili. Mpwa wangu akanivuta koti kwa hofu, nami nikadhani ananipapasa mgongo kunipa pole, nikamshukuru kwa kichwa. Shukrani hiyo nayo ikaandikwa.

Lakini kuhusu marashi, yule mzee alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua. Mwaka 1955 kule Marekani, George Maison alikuwa mkuu wa kampuni ya dawa iitwayo Riker. Binti yake wa miaka 13 alikuwa na pumu, naye alishachoka na kipulizio cha kioo cha kubana kwa mkono. Akamwuliza babake: mbona dawa ya nywele inakaa kwenye kopo la kupuliza, na yangu haikai? Mafundi wa kampuni wakatafuta vali inayoweza kutoa kiasi kilekile kila ikibonyezwa, wakaipata kwa watu wa marashi. Mwaka 1956 inhela ya kwanza ya aina hiyo ikaingia sokoni. Kwa hiyo ni kweli, nilikuwa najipulizia kifaa cha ukoo wa marashi. Kama historia hiyo ingesomwa pale hemani, faini ingepungua hata nusu.

Na ukikifungua kifaa chenyewe kwa fikra, utakiheshimu. Ndani ya kikopo mna gesi iliyobanwa hadi ikawa majimaji, na dawa imo humo. Ukibonyeza, vali inaziba kikopo na kufungua kijichumba chenye kipimo kimoja tu. Yale majimaji yakikutana na hewa ya kawaida huchemka papo hapo, yakaruka nje yakiwa ukungu, kwa kasi ambayo matatu yenye kidhibiti mwendo cha kilomita 80 hairuhusiwi. Ndiyo maana ukichelewa kidogo kuvuta, ukungu wote unagonga ukuta wa koo. Chembe zinazofaulu kupiga kona zote hadi ndani ya mapafu ni zile ndogo mno, za mikroni 1 hadi 5. Hata ukifanya kila kitu sawasawa, sehemu kubwa ya dawa huishia mdomoni na kooni.

Ujanja wake mkubwa, hata hivyo, uko mwishoni. Kikopo kimeandikwa mipulizo 200. Mpulizo wa 201 hautangazi msiba. Dawa imekwisha, gesi bado ipo, kwa hiyo kitu kinatikisika, kinalia, kinapuliza, kinakupoza ulimi, na hakina kitu. Watu wetu hukichomoa kikopo na kukitumbukiza kwenye maji: kikizama kimejaa, kikielea ni kitupu. Kipimo hicho hakitegemeki, na maji yenyewe yanaweza kuziba tundu. Zipo inhela zenye kihesabio mgongoni. Yangu, ya bei ya mwananchi, haina. Mwenyewe ndiye unayetakiwa kukumbuka, saa nane za usiku, macho yamekutoka, kwamba huu ulikuwa wa 143.

Aliyeniokoa ni susu, yaani nyanya, wa yule binti. Alitoka jikoni, akafungua fundo la leso, akatoa inhela yake mwenyewe pamoja na chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita. Kitako cha chupa kilikuwa kimetobolewa tundu la kuishika inhela, pembeni pamezungushiwa plasta ya hospitali iliyogeuka kahawia kwa umri. "Polepole, mwana wakwa," akaniambia huku akibonyeza. "Polepole. Hakuna anayekukimbiza." Na mbele ya wakwe, msemaji wa ukoo akanyonyeshwa chupa ya soda. Watoto waliacha mpira wakaja kutazama.

Msiidharau chupa hiyo. Mwaka 1999 daktari Heather Zar wa Cape Town na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet kwamba kwa watoto walioshikwa na pumu, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani kinachoungwa kwenye inhela. Ukungu unapunguza mbio humo ndani, chembe kubwa zinabaki kwenye kuta za chupa badala ya kooni, nawe unavuta kwa wakati wako. Kifua changu kikafunguka. Hesabu ya mbuzi ilikuwa imeshafungwa na kutiwa sahihi.

Tangu siku hiyo napima dawa zangu upya. Ya bluu, salbutamoli, hulegeza misuli ya njia za hewa ndani ya dakika chache, ikakupa saa 4 hadi 6 za amani, kisha inakuachia uvimbe ulivyokuwa. Na uvimbe ndio ugonjwa wenyewe. Ya kahawia, beklometasoni, hutuliza uvimbe, ila haikupi nafuu ya papo kwa papo, kwa hiyo watu huivuta wiki moja, wakaiita feki, wakarudi kwa bluu. Halafu ipo ya mchanganyiko, budesonidi na formoteroli, inayofungua na kutuliza kwa pamoja. Tangu 2019 GINA, wale wataalamu wa kimataifa wa pumu, wamesema mtu mzima asitibiwe kwa bluu peke yake, na kwamba anayemaliza kikopo cha bluu kila mwezi anakisogelea kifo.

Hiyo ya mchanganyiko niliwahi kuipata, ya unga. Masharti yake ni kinyume: ya gesi huvutwa taratibu, ya unga huvutwa kwa nguvu na haraka, kwa sababu pumzi yako ndiyo inayoupasua unga. Hapo umebanwa, na unatakiwa ukumbuke umeshika ipi. Nayo ukiitikisa inalia, lakini unachokisikia ni kikaushio, si dawa. Kisha usukutue mdomo na kutema, usije ukaota utando mweupe. Nilipomweleza dada yangu wa Mutomo kwamba daktari ameniagiza niteme maji asubuhi na jioni, alinitazama, akautazama mtungi wa maji aliyoyateka kwenye mchanga wa mto, akanionyesha mche wa mwembe: "Temea hapo." Mwembe unaendelea vizuri.

Pa kucheka pamekwisha hapo. Ya bluu iko karibu kila duka la dawa. Ya mchanganyiko, ukibahatika kuikuta, bei yake ni mara kadhaa ya hiyo. Zahanati moja nisiyoitaja ilinipa tembe. Tembe 1 ya salbutamoli ina miligramu 4. Mpulizo 1 una mikrogramu 100. Yaani unameza dawa ya mipulizo 40, inazunguka mwili mzima ndipo iyakumbuke mapafu, huku moyo ukikimbia na vidole vikicheza. Beklometasoni ya kuvuta imekuwako tangu 1972. Nimezaliwa baada yake, nimesoma, nimeoa, nimeota mvi, na kwenye rafu ya zahanati hiyo bado haijafika. Mwaka 2016, Makueni ilipoanzisha MakueniCare, familia ikilipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, binamu zangu wa Kitui walianza ghafla kukumbuka undugu wao na watu wa Wote, huko Makueni. Siwalaumu. Mtu hatakiwi kuchagua kaunti kwa kufuata mapafu yake, lakini ndivyo tunavyoishi.

Mengine yaliyonipata kwa pumu ni madogo. Kwenye matatu ya Makindu konda alinishusha akidhani nina kifua kikuu. Kwenye mazishi Emali nilikorota hadi nikapewa kiti cha wafiwa.

Jumatatu nikaenda mjini Kibwezi kununua kikopo kipya. Mbele yangu kaunta alisimama kijana wa boda boda, akiuliza kama anaweza kuuziwa mipulizo miwili tu. Mafuta ya kupikia yanapimwa, alisema, sukari inapimwa, hii imekosa nini? Mwenye duka aliliwaza jambo hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akakataa. Kijana akanunua tembe kwenye bahasha ya kaki, akameza mbili palepale, akasema mbili nyingine alizimeza asubuhi, halafu akaniuliza naelekea wapi. Mikono yake ilitetemeka hadi funguo za pikipiki zikalia.

Nikafungua kikopo changu. Akaifuta inhela kwa shati, akavuta mara mbili, akasema atanipunguzia shilingi 10 kwenye nauli. Nikamwambia 20, akakubali.

Imebaki 198.