Mwongozo wa Kumlimia Kulungu Bila Kulima

Marekani wako watu wanaomlimia mnyama wa porini. Wawindaji wa kule hutenga kipande cha ardhi wakaotesha chakula cha ayala, yule mnyama tunayemjua zaidi kwenye Biblia. Wengine wameacha hata trekta: mvua ikikaribia, humwaga mbegu katikati ya majani yaliyosimama, kisha huyafyeka yalalie mbegu, nazo huota chini ya blanketi hilo. Ayala hula na kunenepa, na msimu wa kuwinda ukifika, mwenye shamba hupanda juu ya mti na bunduki yake.

Sisi wa Bisibo, wilayani Biharamulo, hatuna ayala. Tuna kulungu, ambaye wengine humwita pongo, na maharage yetu anayajua. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kulungu ashibe, na watoto wake nao wasilale njaa.

Hatua ya kwanza: tafuta shamba. Usihangaike, lipo. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Hilo ndilo shamba la kulungu, na vichaka vyake havikupandwa na mtu.

Hatua ya pili: weka jembe chini. Kulungu hula majani ya vichaka, machipukizi na matunda yaliyodondoka. Mbegu za matunda hutoka na kinyesi chake, mvua ikamalizia kazi. Mkulima wa shamba hilo ni yeye mwenyewe.

Hatua ya tatu: ficha kiberiti. Kulungu hushinda kichakani na kutoka kula alfajiri na jioni. Ukichoma kichaka wakati wa kiangazi umemchomea nyumba na ghala kwa mpigo mmoja, na kesho yake atakuja kuomba chakula kwako. Na msitu si kitu kisichokwisha. Wazee wa Ngara wanakumbuka mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka Rusumo kwa maelfu na kambi ya Benaco ikajaa. Watu walihitaji kuni na miti ya kujengea, na vilima vya jirani vikabaki vipara. Walikuwa wanaokoa maisha yao. Anayechoma pori leo ili apate tu nyasi changa hana sababu kama hiyo.

Hatua ya nne: mwachie nafasi mlangoni. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inaweka masharti ya kulima ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa eneo la hifadhi. Maharage yaliyopandwa kwenye ukingo wa pori yamepandwa mezani kwa kulungu. Na usitegemee kifuta jasho cha Serikali kwa maharage aliyokula kulungu.

Hatua ya tano: mjue mgeni wako. Ukikuta mche umeliwa, inama uangalie jani kabla ya kumtukana mtu. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, kama mbuzi, hivyo hulivuta jani akalichana, na pale lilipokatikia huacha nyuzinyuzi. Sungura ana meno juu na chini. Mkato wake ni safi kama wa wembe. Tazama na nyayo za kulungu: kwato mbili nyembamba, zenye ncha mbele. Ukishamjua, lala shambani mche ungali mchanga, au jaza upenyo wa ua kwa miiba. Waya wa kutega usiuguse. Mnyamapori ni mali ya umma, na waya haumchagui wa kumnasa: ataingia kulungu mwenye mimba, ataingia na mbwa wako.

Hatua ya sita, na ndiyo kubwa: rudi nyumbani ukaige alichofanya kulungu. Ingiza mkono chini ya majani makavu ya kichakani. Udongo ni mweusi, una ubaridi na unyevu, na minyoo inapita. Sasa shika udongo wa shamba lililochomwa likakatuliwa mara mbili: ni vumbi, na mvua ya kwanza itaupeleka bondeni. Kulima kwa kuiga kichaka wataalamu wa ugani hukuita kilimo hifadhi, na nguzo zake ni tatu: usiugeuzegeuze udongo, ufunike mwaka mzima, badilisha mazao. Kwa hiyo vuna mahindi, laza mabua, toboa shimo pale tu mbegu itakapokaa, na msimu unaofuata panda maharage, kunde au fiwi.

Jirani atapita aseme shamba lako ni chafu. Mwambie, "Karibu ndugu yangu, funua hapo uone." Wenye ng'ombe watayataka mabua, kaeni mkubaliane mapema, kabla mifugo haijaingia. Magugu yatasumbua misimu ya mwanzo, na palizi lazima. Faida yake utaiona mvua ikichelewa wiki mbili, mahindi ya wengine yakisinyaa na yako yakiwa bado na unyevu miguuni.

Basi, ndugu mkulima, kabla ya vuli ijayo fanya jambo moja: chagua kipande kidogo, hata robo ekari, uyaache mabua yake yalale. Usiyachome. Na kichaka cha kulungu, mwachie kulungu.