Prof, Ni Kabarua Kamoja Tu

Usiombe barua za mapendekezo za nyongeza mwezi wa Septemba. Septemba mhadhiri ana nafasi, na mwenye nafasi huuliza maswali: kwa nini vyuo sita, na zile barua za mwaka jana zilikufikisha wapi?

Ngoja Desemba. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya uzamivu tarehe 1 au 15 Desemba, wakati Trans Nzoia iko kwenye mahindi. Profesa wako wa Kitale atakuwa kando ya mashine ya kupukuchua, makapi kwenye kope, akihesabu magunia ya kilo 90 na kumchunga dereva wa trekta kwa jicho la pembeni. Mpigie hapo hapo.

“Habari za siku nyingi, Prof?”

“Nani mwenzangu?”

Usivunjike moyo. Katika kelele ile atasikia “barua” tu, na atajibu “sawa, sawa” ili arudi kwenye hesabu yake. Kama Prof wako ni Mbukusu wa Bungoma, hata Agosti inafaa, mradi mwaka ugawanyike kwa mbili: ndiyo miaka ya tohara, na mjomba wa mtahiriwa hana muda wa kubishana nawe.

Idadi usiitaje. Sema “kabarua kamoja”. Atajionea mwenyewe viungo sita vikiingia kwenye barua pepe, kila kimoja kikidai nenosiri jipya, kisha kumuuliza kama umo katika asilimia 5 bora ya wanafunzi aliowahi kufundisha. Wewe uliyekaa karibu na mlango.

Akikuambia “andika mwenyewe, nitatia sahihi,” utagundua kwamba kujisifu ni kazi ngumu. Mimi niliishia kwenye “mwenye bidii” mara nne katika ukurasa mmoja. Mwaka uliofuata mhadhiri wangu, Mungu ambariki, aliitumia barua ile ile bila kugusa neno. Kwa hiyo chuo cha pili kilisoma jinsi ninavyotamani sana kujiunga na chuo cha kwanza, ambacho kilikuwa kimeshanikataa.

Kama ulisoma Kibabii, chuo cha Bungoma kilichopata hati yake mwaka 2015, mwombe Prof akieleze kwa sentensi moja. Msomaji wa Ohio anaweza kudhani Bungoma ni chakula. Ukienda kumwona, shuka Bungoma mjini, panda boda ya barabara ya Chwele, na kuku mwache nyumbani. Kuku hajui kunyamaza ofisini.

Halafu saa. Chuo kikiandika kwamba mwisho ni saa tano na dakika 59 usiku, saa za New York, kwa Desemba hiyo ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi Kitale. Prof keshaamka, yuko shambani. Mpigie tena, umwambie kiungo kimeingia kwenye folda ya taka.