Tairi la Mwalimu

Misungwi, ukitaka kijiwe kisahau mpira na siasa, simamisha baiskeli uulize ununue tairi gani. Mzee mwenye Phoenix atakwambia tairi ni la inchi 28, jembamba, mengine yote mapambo. Kijana wa baiskeli ya gia atakutajia la inchi 26, lenye meno kama ya trekta. Hakuna atakayeuliza kwanza rimu yako ni ya ngapi, na tairi la 26 halivai rimu ya 28 hata ulipake sabuni.

Lakini wa kulaumiwa ni udongo. Juu, kwenye miamba, kuna luseni, yaani mchanga. Ukishuka unakuta itogolo, ardhi ngumu. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa majaruba ya mpunga. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani kule Tanga, aliupa mpangilio wa namna hii jina la katena. Kitabuni ni mchoro mmoja mzuri. Kwa mwalimu anayewahi mstarini ni mitihani mitatu kabla ya kengele.

Kwenye luseni, tairi jembamba lililojaa upepo linazama. Unashuka, unasukuma, na wanafunzi wanakupita wakisema "Shikamoo, mwalimu" kwa heshima inayouma. Dawa yake ni tairi pana, upepo upunguzwe kidogo. Ukizidisha, ukifika itogolo ukagonga jiwe, rimu inaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo.

Basi nikafunga la pana, lenye meno. Luseni nikapita kifalme. Vuli ikaja. Mbuga ikilowa inanata: meno yanachota, madigadi yanakusanya, gurudumu linagoma. Nikajitwika baiskeli begani. Mwenye jaruba akanisalimu, "Mwangaluka, mwalimu," akayatazama magurudumu kwa muda, kisha akauliza udongo wake nitaurudisha lini.

Fundi akatoa hukumu: madigadi yang'olewe, mbele libaki la meno marefu, lishike njia, nyuma liwekwe la meno mafupi, lisininyonye nguvu kwenye lami ya Usagara kwenda Kigongo. Ushauri mzuri, tena wa bei nafuu. Ila darasa la nne wanataka kujua nusu ya nyuma nimeazima kwa nani, na siku ya mvua matope yananichora mstari kutoka kiunoni hadi kwenye kola.

Kiangazi nacho kina mbigili, ambayo haijali tairi lako lina meno marefu au ni kipara. Juzi nilipeleka baiskeli kwa fundi, nikainama kuanza kuzing'oa mwenyewe. Akanishika mkono.

"Taratibu, mwalimu. Hizo ndizo zimeziba upepo. Ukizitoa hapa, leo unalala kwangu, na viraka vimeniishia."

Akaniachia tatu.